Viapo vya Plataea: Kuinuka na Kuhasimiana kwa Miji ya Wayunani

Msomaji wa vitabu vya wanazuoni wetu wa kale hukutana mara kwa mara na neno "Yunani". Humkuta Aristu katika mantiki, Aflatuni katika falsafa na Jalinus katika tiba. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika kitabu mashuhuri juu ya watu wa mji mwema, na neno "madina" alilolitumia humo limesimama mahali pa neno la Kiyunani "polis", yaani mji unaojitawala wenyewe kwa sheria zake. Ibn Rushd naye, aliyefariki mwaka 1198, alikisherehesha kitabu cha Aflatuni juu ya utawala, na akaeleza kuwa alifanya hivyo kwa sababu kitabu cha Aristu juu ya siasa hakikumfikia.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hatulitambui. Wafasiri wa Baghdad walihamisha mantiki ya Wayunani, tiba yao, hesabu yao na elimu yao ya nyota. Historia yao hawakuihamisha. Herodotus na Thucydides hawakuingia katika Kiarabu cha zama zile. Kwa hiyo tukarithi fikra za watu hawa bila kujua walivyoishi na walivyopigana, wala jinsi miji ile iliyowazaa Suqrat na Aflatuni ilivyotafunana hadi ikatawaliwa na mwingine.

Makala haya yanakusudia kuziba sehemu ndogo ya pengo hilo. Badala ya kuhesabu vita vyote, ambavyo ni vingi mno, tutaufuata mji mmoja mdogo uitwao Plataea. Mji huo haukuwa na jeshi la kutisha wala hazina. Hata hivyo, kila ahadi kubwa waliyoapa Wayunani iliugusa kwa namna moja au nyingine, na kila ilipovunjwa wao walikuwa miongoni mwa waliolipa. Miaka yote itakayotajwa kuanzia hapa ni ya kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), ila nitakapobainisha vinginevyo. Msomaji akumbuke kuwa miaka hiyo huhesabiwa kwa kushuka: 490 imetangulia 431.

Nchi iliyogawanywa na milima

Nchi ya Wayunani ni milima mingi na ardhi kidogo ya kulima. Kila bonde limezungukwa na vilima, na upande wa pili ni bahari yenye visiwa. Mizeituni na mizabibu hustawi, nafaka ni haba. Katika mazingira hayo hapakuzuka mfalme mmoja wa kuikusanya nchi yote kama ilivyokuwa Misri kwenye bonde la Nile. Kila bonde likawa na mji wake, na kila mji ukawa na sheria zake, kalenda yake, sarafu yake na miungu iliyouhami kwa dhana yao. Watafiti wa zama zetu wamehesabu zaidi ya miji 1,000 ya aina hiyo, mingi ikiwa na watu elfu chache tu.

Hapo kabla palikuwa na majumba ya wafalme kama Mycenae, lakini yaliporomoka karibu na mwaka 1200 na elimu ya kuandika ikapotea pamoja nayo. Ilipofika karne ya 8, Wayunani wakapokea herufi kutoka kwa Wafoinike, watu wa pwani ya Sham. Alfa na beta zao ni ndugu wa alif na ba zetu. Ardhi ilipowabana wakatoka kwa merikebu kwenda kuanzisha miji mingine. Watu wa Corinth walianzisha Syracuse katika kisiwa cha Sicily karibu na mwaka 733. Watu wa Megara walijenga Byzantium kwenye mlango wa bahari, mji ambao baada ya zaidi ya miaka 2,000 ulifunguliwa na Sultan Muhammad al-Fatih, mwaka 1453 baada ya Nabii Isa. Wengine walivuka hadi Libya wakajenga Cyrene, na kutoka humo ukazaliwa mji wa Barca, ambao ndio asili ya jina la Barqa tunalolisoma katika habari za futuhati. Hata neno Yunani lenyewe limetokana na Ionia, yaani miji yao ya pwani ya Uturuki ya leo, kwa kuwa watu wa mashariki waliwajua hao kwanza.

Miji miwili iliizidi mingine yote: Sparta na Athens.

Sparta iliteka nchi jirani ya Messenia na kuwafanya wenyeji wake watumwa wa dola, waitwao maheloti. Maheloti walilima, na Wasparta wakala. Kwa kuwa maheloti walikuwa wengi kuliko mabwana zao, maisha yote ya Sparta yalipangwa kwa ajili ya kuwahofia. Mtoto wa kiume alichukuliwa nyumbani akiwa na miaka 7 na kulelewa kambini. Palikuwa na wafalme wawili kwa wakati mmoja, baraza la wazee 28 waliopindukia miaka 60, na waangalizi watano waliochaguliwa kila mwaka. Waandishi wa kale wanaeleza kuwa waangalizi hao, kila waliposhika kazi, walitangaza vita dhidi ya maheloti, ili kumuua mmoja wao kusihesabiwe kuwa ni dhambi. Msomaji atafakari jambo hilo: hata dhulma iliyozoeleka ilitafutiwa sura ya sheria.

Athens ilipita njia nyingine. Mwaka 594 Solon alifuta madeni yaliyowaelemea wakulima na akakataza mtu kuweka rehani mwili wake, kwa kuwa wengi walikuwa wameuzwa utumwani kwa deni. Baada ya kipindi cha utawala wa mabavu, Cleisthenes aliwagawa raia katika makabila 10 mapya mwaka 508, akaweka baraza la watu 500 waliopatikana kwa kupigiwa kura ya bahati. Mambo makubwa yaliamuliwa na mkutano wa raia wote juu ya kilima cha Pnyx. Aliyehofiwa kuwa na nguvu kupita kiasi aliweza kufukuzwa kwa miaka 10, ikiwa raia 6,000 watajitokeza kuandika majina juu ya vigae na jina lake likapata wingi. Tusidanganyike lakini. Wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakuwa na sauti, na kuanzia mwaka 451 uraia ulikuwa wa aliyezaliwa na wazazi wawili wa Athens tu. Uhuru wa Athens ulikuwa wa kweli kwa waliokuwa nao.

Amma Plataea, ilikuwa kaskazini ya Athens ng'ambo ya mlima Cithaeron, kiasi cha kilomita 13 tu kutoka Thebes, mji mkubwa uliotaka kuwakusanya majirani wote chini yake. Mwaka 519 Waplataea waliwaendea Wasparta wakaomba ulinzi. Wasparta wakawajibu kuwa wao wanakaa mbali, afadhali waende Athens. Herodotus anasema nasaha hiyo haikutolewa kwa mapenzi: Sparta ilitaka Athens igombane na Thebes. Waplataea wakafuata nasaha, Athens ikawapokea, na uadui na Thebes ukaanza siku hiyo.

Wajumbe waliotupwa kisimani

Mwaka 491 Dara, mfalme wa Waajemi, alituma wajumbe katika miji ya Wayunani kudai udongo na maji, alama ya utii. Alikuwa amekasirika kwa kuwa Athens iliwasaidia watu wa Ionia walipoasi na kuuchoma mji wa Sardis. Miji mingi ilitoa. Athens iliwatupa wajumbe katika shimo la wahalifu, na Sparta ikawatupa wake kisimani, ikiwaambia wachote udongo na maji humo.

Kitendo hicho kiliwasumbua Wasparta wenyewe. Kila kafara yao ilionekana kukataliwa, hata wakatangaza kutafuta watu wa kujitolea kufa badala ya wajumbe wale. Wakajitokeza wawili wenye nasaba, Sperthias na Bulis, wakasafiri hadi Susa mbele ya Xerxes, mwana wa Dara. Xerxes akakataa kuwaua. Alisema hatafanya kama Wasparta waliovunja desturi ya wanadamu wote, wala hatawaondolea hatia yao kwa kuwaua hawa. Wakarudi salama. Wasomaji wetu wanakijua kisa cha wajumbe wa Musaylima waliofika Madina kwa Mtume (s.a.w.) na wakaondoka salama ijapokuwa waliyoyakiri yalikuwa mazito, na wanajua hukumu wanayoijenga mafaqihi juu ya kisa hicho. Huyu hapa mfalme Mmajusi aliyeielewa hukumu hiyo kuliko waliojiita watu wa sheria. Habari ya Sperthias na Bulis haikuishia hapo, nasi tutairudia.

Waajemi walishuka Marathon mwaka 490. Sparta ilikuwa katika sikukuu na haikufika kwa wakati. Mji mmoja tu ulikuja kusimama na Athens, nao ni Plataea, uliotoa kila mwanamume aliyeweza kubeba silaha. Herodotus anahesabu Waajemi 6,400 waliokufa na Waathens 192. Miaka 10 baadaye Xerxes alikuja mwenyewe kwa jeshi kubwa. Leonidas na Wasparta 300 walikufa Thermopylae, Athens ikachomwa, lakini merikebu za Wayunani zikashinda Salamis mwaka huohuo wa 480. Merikebu hizo Athens ilizipata kwa busara ya Themistocles, aliyewashawishi raia wasigawane fedha ya machimbo ya Laurion, bali waijengee meli 200. (Raia haohao baadaye walimfukuza kwa vigae, akaishia kula mkate wa mfalme wa Waajemi.)

Mwaka 479 vita vya mwisho vya nchi kavu vilipiganwa kwenye ardhi ya Plataea. Thebes ilikuwa upande wa Waajemi. Baada ya ushindi, Pausanias wa Sparta alitoa kafara katika uwanja wa mji, akawakusanya washirika wote na mbele yao akaapa kuwa Waplataea wataishi huru katika nchi yao, na yeyote atakayewashambulia bila haki, washirika wote watasimama kuwatetea. Waplataea nao wakapewa jukumu la kuyatunza makaburi ya waliokufa, na kila mwaka waliyahudumia.

Hazina ya Delos

Hatari ilipopita, Sparta ikarudi nyumbani kuwalinda maheloti wake, na Athens ikaachiwa bahari. Mwaka 478 miji ya visiwani na ya Ionia ilikutana katika kisiwa cha Delos ikaapa kuwa na rafiki mmoja na adui mmoja pamoja na Athens. Wakatupa vipande vya chuma baharini: kiapo kingedumu hadi chuma kielee. Aristides, aliyesifika kwa uadilifu, ndiye aliyepanga mchango wa kila mji, na jumla yake ilikuwa talanta 460 kwa mwaka, talanta moja ikiwa takriban kilo 26 za fedha. Watu walimsifu kwa mgawanyo ule.

Ugonjwa ulianzia hapo. Miji mingi iliona taabu kutoa meli na watu, ikapendelea kulipa. Kila walipolipa, Athens ilijenga meli zaidi kwa fedha yao, na wao wakazidi kudhoofika. Naxos ilipotaka kujitoa ilizingirwa na kutiishwa. Thasos iliasi mwaka 465 kwa ajili ya masoko na machimbo yake. Ikasalimu amri katika mwaka wa tatu, ukuta wake ukabomolewa na machimbo yakachukuliwa. Mwaka 454 hazina ikahamishwa kutoka Delos hadi Athens. Sehemu moja katika 60 ilitengwa kwa ajili ya mungu wao wa kike Athena na hesabu yake ikachongwa katika mawe, na mawe hayo yapo hadi leo, mji baada ya mji, mwaka baada ya mwaka. Kuanzia 447 Pericles alisimamia ujenzi wa hekalu la Parthenon. Walikuwepo katika Athens yenyewe waliopiga kelele kuwa ni aibu kuupamba mji kwa mali iliyotolewa kwa ajili ya vita. Jibu la Pericles, kama linavyosimuliwa, ni kuwa maadamu Athens inawalinda washirika haiwajibiki kuwatolea hesabu. Mwandishi wa mistari hii anaona kuwa jibu hilo ndilo lililoigeuza ahadi kuwa milki. Mali iliyotolewa kwa sharti maalumu ni amana, na mwenye kushika amana hawezi kujifutia sharti hilo mwenyewe.

Sparta na Athens zilipigana, kisha zikafanya suluhu ya miaka 30 mwaka 446. Ndani yake palikuwa na sharti zuri: ugomvi wowote upelekwe kwa mwamuzi, ile ambayo katika fiqhi tunaiita tahkimu. Sharti hilo lilijaribiwa miaka 14 baadaye. Corinth, mshirika wa Sparta, ililalamika kuwa Athens imeingilia vita vyake na Corcyra na kuuzingira mji wa Potidaea. Megara ililalamika kufungiwa masoko. Athens ikasema: tupelekane kwa mwamuzi. Sparta ikakataa na kupiga kura ya vita. Thucydides, jemadari wa Athens aliyeandika historia ya vita hivyo, anaona malalamiko yote hayo yalikuwa juu juu tu, na sababu ya ndani ni nguvu ya Athens iliyokua na hofu iliyoingia Sparta.

Usiku wa mvua na swali moja

Kabla vita havijatangazwa, usiku mmoja wa mvua mwanzoni mwa mwaka 431, Wathebes zaidi kidogo ya 300 waliingia Plataea. Raia msaliti aliwafungulia lango. Ilikuwa wakati wa amani. Waplataea walikubali masharti kwanza, kisha walipotambua kuwa wavamizi ni wachache wakatoboa kuta za nyumba zao wakakutana kwa siri, na kabla ya alfajiri wakawashambulia. Wanawake na watumwa walitupa mawe na vigae kutoka juu ya mapaa. Wathebes 180 walitekwa. Jeshi la Thebes lililofika nje likataka kukamata watu wa mashambani wawe dhamana, Waplataea wakatuma neno: ondokeni, la sivyo tutawaua mateka. Likaondoka, na mateka wakauawa wote. Thebes ilisema Waplataea waliapa kuwarudisha mateka. Waplataea walisema hawakuapa, waliahidi tu kuwa patakuwa na mazungumzo. Tangu siku hiyo hapakuwa na upande wenye mikono safi.

Mwaka 429 Archidamus, mfalme wa Sparta, alifika na jeshi. Waplataea wakamkumbusha kiapo cha Pausanias. Akawapa njia: mkae pembeni ya vita, mtukabidhi mji, mipaka yenu na miti yenu kwa hesabu, na vita vikiisha tutawarudishia. Wakaomba ruhusa kuwauliza Athens, kwa kuwa wake na watoto wao walikuwa huko. Athens ikajibu: kumbukeni kiapo cha baba zenu, hatutawaacha. Mji ukazingirwa. Ndani walibaki Waplataea 400, Waathens 80 na wanawake 110 wa kuoka mikate. Msaada wa Athens haukufika.

Katika usiku wa dhoruba wa majira ya baridi, watu 212 waliupanda ukuta wa wazingiaji kwa ngazi walizozipima kwa kuhesabu safu za matofali, wakaokoka. Waliobaki waliishiwa chakula mwaka 427. Jemadari wa Sparta angeweza kuuvunja mji kwa nguvu lakini aliamriwa asifanye hivyo. Sababu yake inastahili kuangaliwa na kila anayesoma mlango wa hila. Sparta ilijua kuwa siku ya suluhu kila upande utatakiwa kurudisha miji iliyoitwaa kwa nguvu. Plataea ikijisalimisha yenyewe haitarudishwa. Wakawaahidi hukumu ya haki.

Majaji watano wakaletwa kutoka Sparta. Hawakusoma mashtaka. Waliuliza swali moja tu: je, katika vita hivi umewafanyia Wasparta na washirika wao jema lolote? Waplataea walijitetea kwa maneno marefu, wakataja Marathon, wakataja kiapo, wakaonyesha makaburi ya baba za Wasparta wanayoyahudumia kila mwaka. Wathebes wakajibu. Kisha majaji wakarudia swali lilelile kwa mtu mmoja mmoja, na kila aliyesema "hapana" alipelekwa kuuawa. Waliuawa Waplataea wasiopungua 200 na Waathens 25, wanawake wakauzwa, mji ukabomolewa hadi msingi na ardhi ikakodishwa kwa Wathebes. Thucydides anasema wazi kuwa Sparta ilifanya karibu yote haya kwa kuwaridhisha Wathebes, ambao ilidhani watawafaa katika vita. Na hila ile ilifanya kazi: amani ya Nicias ilipofungwa mwaka 421, Plataea haikurudishwa, kwa hoja kwamba ilijisalimisha kwa hiari.

Athens haikuwa bora. Mwaka 430 iliwakamata wajumbe wa Sparta waliokuwa njiani kwenda kuomba msaada kwa mfalme wa Waajemi. Wawili kati yao walikuwa Nicolaus na Aneristus, wana wa Bulis na Sperthias. Baba zao mfalme adui aliwarudisha salama. Wao wakauawa Athens siku waliyofika, bila kusikilizwa, na miili ikatupwa shimoni. Mwaka 427 mkutano wa raia uliamua kuwaua wanaume wote wa Mytilene kwa kuasi. Usiku wakajuta, asubuhi wakajadili tena, na Diodotus akamshinda Cleon kwa kura chache. Merikebu ya pili ikaifuata ya kwanza, wavuta makasia wakila huku wanapiga kasia, ikafika amri ikiwa imekwisha somwa lakini haijatekelezwa. Hata hivyo waliotajwa kuwa viongozi, zaidi ya 1,000, waliuawa. Mwaka 421 Athens iliwaua wanaume wa Scione, ikawauza wanawake na watoto, na ardhi ile ikawapa Waplataea waliokimbia. Mhanga wa jana akakaa katika nyumba ya mhanga wa leo. Melos, kisiwa kilichotaka tu kuachwa pembeni, kilifikwa na hayohayo mwaka 416.

Sparta nayo ilikuwa na yake. Iliwatangazia maheloti kuwa waliopigana vizuri zaidi waje wapewe uhuru. Wakachaguliwa 2,000, wakavikwa taji na kuzungushwa mahekaluni. Hawakuonekana tena, na hapana aliyejua kila mmoja alikufa vipi.

Kupatwa kwa mwezi na dhahabu ya mfalme

Tauni iliingia Athens mwaka 430 na kumuua Pericles mwaka uliofuata, pamoja na askari wa miguu 4,400 wa safu. Thucydides mwenyewe aliugua akapona. Hata hivyo haikuwa tauni iliyoiangusha Athens. Mwaka 415 ilituma merikebu 134 kwenda kuiteka Syracuse, mji uliokuwa haujaifanyia uadui wa kutosha kuhalalisha safari hiyo. Mambo yalipoharibika mwaka 413 na majemadari wakaafikiana kuondoka, mwezi ulipatwa usiku wa tarehe 27 Agosti. Nicias aliwasikiliza wapiga ramli, akasema jeshi lisitikisike mpaka zipite siku 27. Siku zile adui alifunga bandari. Sisi tunajua kuwa siku aliyofariki Ibrahim mwana wa Mtume (s.a.w.) jua lilipatwa, watu wakalihusisha na msiba ule, na Mtume katika huzuni yake akawakataza dhana hiyo. Nicias hakuwa na wa kumkataza. Wasiopungua 7,000 waliotekwa walifungiwa katika machimbo ya mawe, wakifa kwa jua, baridi na njaa.

Sparta kwa upande wake ilikuwa imeanza kujihesabu. Thucydides anaeleza kuwa hapo kabla Wasparta waliona misiba yao waliistahili, kwa sababu Wathebes waliingia Plataea wakati wa suluhu na wao wenyewe wakaukataa usuluhishi. Lakini majuto hayo hayakuwazuia kumwendea adui wa baba zao. Kwa mikataba ya mwaka 412 na 411 wakamkubalia mfalme wa Waajemi haki yake juu ya miji ya Ionia, wakapokea fedha ya kujenga meli. Kwa meli hizo Lysander aliziteka za Athens huko Aegospotami mwaka 405. Athens ikasalimu amri mwaka 404. Corinth na Thebes zikataka ifutwe. Sparta ikasema haitautia utumwani mji uliowatendea Wayunani jema kubwa wakati wa hatari. Waplataea walitoa hoja hiyohiyo mbele ya majaji watano, wala haikuwafaa.

Watu 30 waliowekwa na Sparta kuitawala Athens waliua watu wapatao 1,500 katika miezi michache. Raia waliporejea mwaka 403 waliapa kutokumbushana mabaya yaliyopita, isipokuwa kwa wale 30 na wachache wengine, nao wakakishika kiapo hicho. Katika historia yote hii sijaona kiapo kilichotekelezwa vizuri zaidi, kingawa hakikumwokoa Suqrat mwaka 399.

Yaliyofuata ni mafupi. Mwaka 386 mfalme wa Waajemi aliwaamulia Wayunani masharti ya amani, akabaki na Ionia yote. Sparta ikaiteka ngome ya Thebes wakati wa amani mwaka 382, ikaonja ilichoonja Plataea. Mwaka 371 Epaminondas wa Thebes aliivunja Sparta huko Leuctra: kati ya Wasparta halisi 700 waliokuwepo, 400 walikufa. Mji uliokuwa na wanaume wapatao 8,000 zama za Xerxes haukuwa tena na watu, kwa kuwa aliyeshindwa kutoa mchango wa chakula cha pamoja alipoteza uraia, na mashamba yaliangukia mikononi mwa wachache. Ibn Khaldun angetaja anasa. Sparta ilijitahidi kuikataza anasa, lakini ikaporomoka kwa urithi na ardhi. Epaminondas akaivamia nchi yao na kuwarudishia Wamessenia nchi yao.

Plataea ilijengwa tena baada ya 386. Wathebes wakaibomoa mara ya pili mwaka 373.

Katika miaka hiyo alikaa Thebes kama dhamana kijana wa Macedonia aitwaye Philip, akaangalia jinsi Wathebes wanavyopanga jeshi. Mwaka 338, akiwa mfalme, aliwashinda Athens na Thebes pamoja huko Chaeronea. Alipokufa Thebes ikaasi, na mwanawe Alexander akaiteka mwaka 335. Waandishi wa kale wanataja waliouawa 6,000 na waliouzwa 30,000. Alexander hakutaka ijulikane kuwa hukumu ni yake. Aliwaachia washirika Wayunani waliokuwa katika jeshi lake waamue mji ufanywe nini, na miongoni mwao walikuwepo Waplataea. Wakataja yaliyofanywa na Thebes zama za Xerxes, wakataja Plataea. Wakaamua Thebes ibomolewe, ardhi yake igawiwe majirani, watu wake wauzwe, na katika azimio hilohilo wakaandika kuwa Plataea ijengwe upya na kuwekewa ukuta.